Tunamwita Daktari, Halafu Tunamfungia Mlango

Siku ya soko, binamu yangu alianguka kwenye steji ya Runyenjes. Kifafa. Watu wa bodaboda wakajaa. Mmoja akataka kumtia kijiko mdomoni, mwingine akasema ni mapepo. Msee mmoja akaweka chini mfuko wake wa ndizi, akamgeuza ubavu, akaangalia saa, akangoja.

Huyo ndiye daktari wetu. Kwa karatasi si daktari, ni klinikal ofisa: diploma ya miaka 3 na mwaka 1 wa intanshipu. Ndiye anayempimia binamu yangu dozi ya fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1912 na ambayo bado ni rahisi kuliko nyingi. Anajua mshtuko gani ni wa kawaida na upi wa kukimbizwa Embu.

Sasa anataka kuwa daktari wa neva. Aliuliza chuo kimoja. Akaambiwa aanze MBChB, mwaka wa kwanza, kama mtoto aliyetoka kidato cha nne jana. Miaka 6, intanshipu, kisha MMed ya magonjwa ya ndani, ndipo aombe nafasi ya neurolojia. Zaidi ya muongo mmoja. Hata akichukua digrii ya tiba ya kliniki, kama ile ya KeMU pale Meru, bado hajafika kwa mlango.

Mtaniambia ni usalama wa mgonjwa. Sawa, tuongee usalama. Nchi hii humpeleka klinikal ofisa akasomee stashahada ya juu, kisha humpa kisu atoe mtoto wa jicho. Humwamini kumlaza mtu usingizi wa upasuaji. Madaktari walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016, matabibu ndio waliobaki kwenye vituo vingi, na hakuna aliyewauliza kuhusu karatasi. Mwaka 2017 wakatungiwa sheria mpya yao wenyewe. Wanaaminika kubeba kazi. Kupanda ndiko hawaruhusiwi.

Marekani pia walikuwa na madaktari wa daraja la pili. Andrew Taylor Still alifungua chuo cha ostiopathia Kirksville, Missouri, mwaka 1892, na kwa miongo mingi wahitimu wa njia hiyo, wanaoitwa DO, walidharauliwa na wenzao wenye MD. Mwaka 1962 California iliwaruhusu DO wake kulipa dola 65 na kugeuzwa MD. Yaani tofauti iliyopiganiwa miaka yote ilifutwa kwa ada ndogo. Mwaka 2020 mifumo yao miwili ya mafunzo ya ubingwa ilimaliza kuunganishwa. Leo mwanafunzi wa DO anayetaka neurolojia huomba nafasi zile zile na MD. Ubaguzi haujaisha: wengi hufanya mtihani wao, COMLEX, halafu wanaongeza USMLE ili tu waaminike. Lakini mlango upo.

Najua, DO ni shahada kamili ya udaktari na diploma ya huku siyo. Ndiyo maana siombi mtu apewe cheo cha bure. Naomba daraja. Miaka yake wodini ihesabiwe. Masomo aliyofaulu yasirudiwe. Apewe mtihani ule ule wa wengine, na akianguka, aanguke. Tanzania ilifanya hivi kwa miongo: tabibu alirudi shule miaka 2, akatoka Daktari Msaidizi, akawafanyia akina mama upasuaji wa uzazi.

Mimi niliacha chuo, na vile nilivyosoma viligeuka sifuri siku ile ile. Hasara yangu ni ada na aibu kidogo kwa shosho. Hasara ya huyu jamaa tunailipa wote, kwa sababu ukitafuta daktari wa neva, kuna uwezekano mkubwa utampata Nairobi, na nauli si mchezo kwa mtu wa kuchuna majani chai.

Wanaolinda mlango huu wanasema wanalinda viwango. Basi waje Runyenjes siku ya kliniki, waone foleni, halafu watuambie ni kiwango gani kinacholindwa pale.

Binamu yangu ana kliniki Alhamisi. Daktari atakuwepo. Fomu ya chuo bado iko kwenye droo yake, haijajazwa.