Sindano ya weupe, na mtoto bado ananyonya

Kama ulisikiliza kipindi cha wiki iliyopita, utakumbuka nilinyamaza tulipofika kwenye habari ya sindano za weupe. Asubuhi ile dada yangu, binti wa mama mdogo, alikuwa amenitumia picha ya chupa ndogo ya glutathioni kutoka saluni moja hapa Yeoville, na swali: "Nanyonyesha, mtoto ana miezi mitatu. Itamdhuru?"

Muuzaji alishamjibu. Eti haina shida, ni kama vitamini tu.

Jamani! Ni kweli mwili wenyewe unatengeneza glutathioni. Lakini kumiminiwa dozi kubwa kwenye mshipa ni jambo lingine kabisa. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilionya kuhusu sindano hizi, ikataja ini, figo na mishipa ya fahamu. Hapa kwetu mamlaka ya dawa, SAHPRA, haijasajili sindano yoyote ya glutathioni kwa kazi ya kung'arisha ngozi. Maana yake hata daktari mzuri hawezi kumwambia dada kama kilichomo kitapita kwenye maziwa. Atajuaje, wakati hajui kilichomo ni nini?

Najua kuna atakayeuliza Botox. Hiyo ni kesi tofauti: dozi inajulikana, inachomwa kwenye msuli, na molekuli yake ni kubwa mno kupita kirahisi kwenye maziwa. Utafiti kwa wanaonyonyesha bado ni mdogo, mimi ningesubiri, ila angalau daktari ana pa kuanzia.

Na usiseme basi nitapaka mkorogo. Hydroquinone inaingia mwilini kwa wingi kupitia ngozi, theluthi moja au zaidi ya ulichopaka. Zebaki inafika mpaka kwenye maziwa, na inaumiza ubongo wa kichanga. Halafu mtoto mwenyewe analala wapi? Si kifuani hapo hapo ulipopaka?

Afrika Kusini ilipiga marufuku hydroquinone kwenye vipodozi mwaka 1990, baada ya wanaharakati na madaktari wa ngozi kupiga kelele miaka mingi. Ilikataza hata kipodozi kutangazwa kwamba kinang'arisha. Sasa tembea Rockey Street Jumamosi, uniambie umeona nini.

Lakini mimi simlaumu dada. Kwenye arobaini ya mtoto, mashangazi walimzunguka: "Uzazi umekuchakaza, umekuwa mweusi hivi!" Yale madoa ya mimba usoni mara nyingi hufifia yenyewe miezi michache baada ya kujifungua, na hakuna hata mmoja aliyemwambia hivyo. Nilikuwepo, nimeshika sahani ya pilau. Nilicheka pamoja nao. Tunamcheka mtu mpaka anatafuta sindano, halafu tunashangaa kwa nini ameitafuta! Shangazi akianza tena maneno hayo, mtu amwambie, "Shangazi, samahani, hapana." Kwa adabu, ndiyo, lakini amwambie.

Nimemtumia dada ujumbe wa sauti, dakika nne nzima. Nimemwambia asiende, na ile rand mia tano aliyotanguliza saluni nitamrudishia mimi. Ameusikiliza. Hajajibu bado. Miadi yake ni Alhamisi, kwa hiyo kesho nikitoka kazini napitia kwake.