Vijana wa Mwanza Wapewe Nafasi

Pamba, bingwa wa mwaka 1990, ilisota madaraja ya chini miaka mingi, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2024. Tulishangilia. Sasa twauliza: watoto wetu wamo wapi? Mrisho Ngassa, mzaliwa wa hapa, ambaye babake Khalfan aliichezea Pamba, aling'aa Kagera Sugar kisha Yanga. Tukabaki kumpigia makofi Kirumba akija kama mgeni. Twaambiwa kijana bado mchanga. Atakomaaje akikalishwa benchi? Hata sangara wa kilo mia alianza kifaranga! Kijana wa Igoma akikosea mechi tatu, sisi wa jukwaani tutamvumilia. Basi timu ya vijana icheze Nyamagana kila Jumamosi, kiingilio tutalipa.