«Mu ordinatere ilikuwa muzuri»: jibu hili halimulindi mutu mu mugodi

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama na watoto wa nyumba zetu, leo hatusemi juu ya mushahara wala kontra. Hayo yatarudi, munatujua. Leo tunasema juu ya vibao vya usalama, vile wanatundika kwenye mulango wa depo ya baruti, pembeni ya kabina ya umeme, kwenye njia ya makamio makubwa.

Mu kampuni moja ya kwetu (jina tunaliacha, wenyewe watajijua) walileta vibao vipya. Kibao cha kukataza moto kilifika na picha ya kibiriti kinachowaka, duara jekundu lipo, lakini ule mustari mwekundu wa kukata picha hakuna. Pahali pake paka alama nyeupe, kama mutu alipanguza na kitambaa. Mutu asiyejua kusoma anaona nini pale? Anaona moto ndani ya duara. Anaweza hata kufikiri ni pahali pa kuwashia sigara. Na kibao kile kilikuwa cha depo ya baruti! Delege wetu alipouliza, wakamujibu: «Mu ordinatere ilikuwa muzuri.»

Na ni kweli, mu ordinatere ilikuwa muzuri. Njo maana tunakataa jibu lile: ekrani si kibao. Ekrani inafanya rangi na mwangaza, nyekundu, kijani na buluu, ile wanaitaka RVB. Mashini ya kuchapa inafanya rangi na wino ine: siani, majenta, manjano na nyeusi, ile wanaitaka CMJN. Mwangaza unaweza kutoa rangi kali ambazo wino haiwezi kufikia. Basi fisie ikitoka mu RVB na kuingia mu CMJN, rangi inageuka, na hakuna mutu aliyeigusa. Manjano ya ekrani inaingiwa na siani kidogo, inakuwa kama embe bichi. Buluu inapata majenta nyingi, inakuwa zambarau. Sasa, mu alama za kimataifa za ISO 3864 na ISO 7010, buluu inasema «lazima ufanye», manjano inasema «angalia, hatari», nyekundu inakataza, kijani inaonyesha njia ya kutokea. Zambarau inasema nini? Haisemi kitu.

Mu kampuni nyingi hapa kwetu vibao vinaandikwa Kifaransa na Kichina. Wako kati yetu wasiosoma hata moja. Kwao rangi na picha njo maandiko.

Sasa tuseme na vijana wenye imprimeri za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, maana wengi wenu ni watoto wa wafanyakazi wa mugodi. Hatuwalaumu. Lakini kazi hii iko na dawa zake, na ninyi munazijua.

Rangi ya usalama usiiachie mashini ichague. Iandike mwenyewe na hesabu: nyekundu ni majenta 100 na manjano 100, siani sufuri, nyeusi sufuri. Manjano ni 100 peke yake. Maandiko meusi madogo ni nyeusi 100 tu; ukiyaacha mu RVB yatachapwa na wino zote ine, na karatasi ikisogea kidogo herufi zinakuwa mbili-mbili. Kuna mashini kubwa za bashi ambazo zinapenda kupokea RVB na kugeuza zenyewe. Kwa hiyo uliza mwenye mashini mbele ya kutuma fisie.

Kama fisie ni sawa na rangi bado ni mubaya, angalia mashini. Nyekundu ikitoka pinki, ujue manjano haitoki vizuri. Ikitoka kama machungwa, majenta njo inakosa. Ikitoka kahawia, kuna siani ao nyeusi imeingia ndani yake. Chapa karatasi ya kujaribu, ile ya mistari midogo ya kila wino. Mustari ukikatika, kitundu cha wino kimeziba, na kwa mavumbi ya Kolwezi hiyo haishangazi mutu. Safisha, jaribu tena.

Lakini ule mustari mwekundu uliopotea haukuwa shida ya wino. Ilikuwa transparensi. Yule aliyechora kibao alitaka kipendeze: aliweka kivuli kidogo, akafanya mustari uwe nusu-wazi ili picha ionekane chini yake. Kwenye ekrani inapendeza, hatukatai. Ila PDF ya aina ya 1.3 haiwezi kubeba transparensi. Ilianza na PDF 1.4, mu 2001. Mashini iko na programu ya zamani, inapokea kitu isichokijua, inakikata vipande: hapa inaacha kisanduku cheupe, pale inaangusha kitu kizima. Wengine wanatumia ile namna wanayoita «Produit». Nyekundu ikipita juu ya picha nyeusi na Produit, inakuwa nyeusi, na mustari wa kukataza unaonekana umekatika katikati. Na kuna «surimpression»: herufi nyeupe zikiwekwa hivyo, mashini haitoboi rangi ya chini, basi herufi zinapotea zote. Acrobat inaweza kukuonyesha hilo mbele ya kuchapa, kwa «Aperçu de la sortie». Ni dakika mbili.

Dawa? Kama mashini ni mupya, tuma PDF/X-4, inabeba transparensi yenyewe. Kama ni ya zamani, tuma PDF/X-1a, ambayo inalazimisha kila kitu kiaplatiwe, ao geuza kibao kizima kuwa picha moja ya 300 dpi kwa kipimo chake cha kweli. Lakini kisha kuaplatisha, fungua tena fisie na uangalie kila kona. Na siye tunasema zaidi: kibao cha usalama hakihitaji transparensi hata kidogo. Hakihitaji kivuli wala mwangaza wa kupendezesha. Rangi nzima, mustari muzima kutoka juu kushoto mupaka chini kulia, basi. Urembo uende kwenye kalendari.

Kwenye fulana za 1 Mei tunaonaka logo inatoka na kisanduku cheupe nyuma yake, maana walituma JPG, na JPG haibebi transparensi, wangetuma PNG. Tunacheka, tunavaa, tunatembea mu défilé. Pale hakuna mutu anakufa.

Kwa wakubwa wa kampuni tunaomba kitu kimoja, na tunakiomba kwa nguvu: mbele ya kuchapa vibao makumi, mutuletee kimoja cha mufano, kwa bashi ile ile ao plaki ile ile, kitoke mu mashini ile ile. Wachapaji wanaitaka «bon à tirer». Komite ya usalama ikiangalie inje mu jua, kisha chini kwa taa ya kichwa, na delege atie sainye. Musituonyeshe simu. Musitume picha kwa WhatsApp na kusema «angalieni». Tumesikia wakisema kwamba kibao cha mufano ni gharama ya bure. Kurudilia vibao vyote makumi ni gharama gani?

Na delege, kibao kisichokuwa na mustari usikiache kitundikwe hata siku moja «tukingojea kingine». Kirudishwe. Mutu asimame pale kwenye mulango wa depo, ao cha zamani kibakie hata kama kimechakaa.

Jambo la mwisho: jua la kwetu linakula majenta na manjano mbele ya wino zingine, basi nyekundu ya leo si nyekundu ya mwaka kesho. Nyuma ya kila kibao muandike na marikeri tarehe kilipotundikwa. Mu mukutano wa komite wa mwezi unaokuja tutaomba orodha ya tarehe hizo, depo ya baruti ikiwa ya kwanza.