Karafuu Zetu Katika Chungu cha Wenzetu

Wanachama wenzetu,

Tangu turudi Bara Hindi, baadhi yenu mmetuuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa ukali, tulikwenda kufanya nini kule siku 9 nzima ikiwa hatukurudi na bei mpya wala mnunuzi mpya. Jawabu letu ni fupi: tulikwenda kupika. Nauli tulijilipia wenyewe, kwa hiyo hatudaiwi hesabu na mtu; lakini tuliyoyaona jikoni yanamhusu kila mwenye mkarafuu, na ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti letu hili.

Tulikuwa watatu: mkulima mmoja wa Pemba, mkewe, na wifi wa bibi huyo. Tulifikia Mandvi, mji wa bandari katika Kutch, ambako mafundi hata leo huunda majahazi ya mbao kando ya mto, na ambako zamani vyombo vilikuwa vikipakia kuja kwetu kwa pepo za kaskazi. Mwenyeji wetu ni mzee aliyezaliwa Wete, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964 akiwa na miaka 11. Kiswahili chake kimesimama pale pale kilipokuwa siku ile: matusi ya kucheza gololi anayajua yote, lakini neno "kodi" halijui. Mkewe nyumba nzima humwita Ba, yaani mama, nasi tukamwita hivyo hivyo.

Nyumba ile hawali nyama, wala samaki, wala yai. Twakiri kwamba usiku wa kwanza tulilala na hofu ya njaa. Kumbe kitoweo walichotuandalia kilikuwa mbaazi! Mbaazi zile zile zetu, ila wao huzikoboa na kuzivunja, wakazichemsha mpaka zikalainika kabisa, kisha wakatia sukari guru, ukwaju, tangawizi na binzari. Chungu kikiwa tayari, Ba aliyeyusha samli katika kikaango kidogo, akatia haradali, uwatu, mvuje kidogo, kipande cha mdalasini, na karafuu 3. Vikachacharika, akavimimina vyote juu ya mbaazi kwa mara moja, akafunika. Nyumba nzima ikanukia. Karafuu 3 tu, kwa watu 8.

Siku ya pili ilikuwa zamu yetu. Bibi yetu, kwa kuwa ni mtoto wa shamba aliyezaliwa chini ya mikarafuu, alichota konzi moja akatia katika samli. Matokeo yake mnaweza kuyakisia. Watoto walitoa ndimi nje, na Ba alicheka mpaka akakaa kitako chini. Mzee akatutafsiria: "Anasema leo hapa hatauma jino la mtu." Tulicheka nasi, lakini baadaye tulipokuwa peke yetu tuliona haya. Tunapanda, tunachuma, tunachambua, tunaanika, tangu enzi za babu zetu; lakini kutumia hatukujua, zaidi ya pilau na chai, na kumpaka mtoto anapoumwa.

Ya chapati hatusemi mengi. Zao huitwa rotli, nyembamba na za duara kama mwezi. Za mkulima wetu, ambaye wanawake wa mtaa mzima walikuja kumtazama mwanamume akisukuma unga, zilitoka na umbo la kisiwa cha Pemba, zina ghuba na rasi kila upande. Zililiwa vile vile.

Siku ya 6 tuliomba jiko tukapika kwetu: mbaazi za nazi na maandazi ya iliki. Mzee alikula andazi moja bila ya kusema neno, akatoka barazani, akakaa huko kitambo. Aliporudi aliomba jingine. Ba akajaza mabakuli, akayafunika, akawatuma wajukuu kwa majirani. Na kabla ya magharibi kila bakuli lilikuwa limerudi na kitu ndani yake. Wazee wetu wa Pemba waliishi hivyo hivyo, na nyumba nyingine bado.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Asubuhi moja Ba alinunua karafuu dukani. Hakuzitia koponi. Alizimwaga juu ya sinia, akavaa miwani, akaanza kuchagua. Nzima zenye vichwa vyao alizitenga kwa ajili ya samli. Zilizokatika vichwa akaweka za kusaga. Kikonyo akakitupa. Kisha zikabaki nyingine, nyepesi, zimekunjamana, rangi yake imepauka. Akazinusa, akakunja uso, akazimwaga nje. Akamwuliza mzee, na mzee akatuuliza sisi: "Hizi zinakuwaje hivi?"

Wanachama, sote twaijua mpeta. Twajua pia inakuwaje. Karafuu mbichi zikiachwa katika gunia au zikirundikwa usiku kucha, zinavunda; ukizianika kesho yake jua halizirudishi. Tulimweleza Ba yote haya, naye akasikiliza vizuri, halafu akauliza swali la pili: "Basi anayejua hivyo, kwa nini anafanya?" Hapo hatukuwa na jawabu.

Karafuu zile zilitoka wapi? Mwenye duka alitaja nchi tatu, na ni dhahiri hakujua. Huenda zilitoka Madagaska. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyethubutu kuapa kwamba si zetu.

Tumewahi kusikia, hata katika mikutano yetu wenyewe, mtu akisema kwamba mpeta kidogo ndani ya gunia haimdhuru mtu, kwani karafuu ni karafuu. Kwa muda mrefu msemo huo ulikuwa na nguvu, kwa sababu mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, na karafuu alizisaga akazitia katika sigara. Lakini Indonesia walipanda mikarafuu yao, na kufika miaka ya 1980 walikuwa hawatuhitaji tena. Waliobaki ni watu wenye vyungu, na mwenye chungu anaitazama karafuu moja moja.

Wala si mara ya kwanza kwetu kujua uzito wa jiko la Kihindi. Mwaka 1937, serikali ya wakati ule ilipotoa sheria ya kukipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja waligoma kununua, na Bara Hindi chama cha Congress kikaunga mkono mgomo. Biashara ikadorora mpaka walipopatana mwaka 1938. Ugomvi ule ulikuwa wa sheria, na uliweza kumalizwa kwa maafikiano. Ba akichoka na karafuu zetu hatagoma wala hataandika barua. Ataacha kununua tu, nasi hatutajua.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba safari nyingine ikipatikana, wasipelekwe wenye kusema vizuri mikutanoni. Wapelekwe kina mama wanaochambua na kuanika, maana karafuu hupita mikononi mwao, na jikoni wao ndio watakaoelewa kwanza.

Kabla ya hapo, bibi yetu amejitolea kupika mbaazi za Ba kwa wanachama wote baada ya mkutano ujao. Sinia ataleta yeye. Kila mmoja aje na kiganja kimoja cha karafuu zake, azitoe katika gunia kama zilivyo, bila ya kuchagua.