Mkimbiaji Si Lazima Awe Laini Kama Kamba

Watu wa Mbulu na Hanang hawahitaji kuelezwa mbio ni nini. John Stephen Akhwari ni mtu wa Mbulu. Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na ya mita 10,000 huko Brisbane mwaka 1982. Ndiyo maana vijana wetu hapa Endasak huamka alfajiri kukimbia, na wazazi huona katika miguu ile ajira ya jeshini au ada ya wadogo zao.

Lakini liko jambo linalonikera. Kijana anaketi chini, mwenzake anamkandamiza mgongo mpaka kichwa kiguse magoti, eti awe laini. Kisha anainuka na kwenda kukimbia mbio kali. Kukandamizwa hivyo kwaweza kuchana misuli ya nyuma ya paja. Hata usipochanika, msuli ulionyooshwa kwa zaidi ya dakika moja bila kusogea hupungukiwa nguvu kwa muda, na nguvu hizo anazihitaji wakati ule ule. Kano za mkimbiaji zapaswa kurudisha msukumo kama upinde. Kabla ya mbio yatosha kukimbia polepole dakika 10 au 15, na kurusha miguu mbele na nyuma.

Kwa maoni yangu, yanayofaa zaidi ni mazoezi ya Pilates. (Jina lisiwachanganye, huyu si Pontio Pilato.) Joseph Pilates alikuwa Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, akawekwa kizuizini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baadaye akafundisha New York. Mazoezi yake hunyoosha nyonga na mapaja, lakini hapo hapo huimarisha tumbo, kiuno na mgongo. Pumzi hayaongezi sana. Pumzi huja kwa kukimbia. Ila kiwiliwili kikilegea mwishoni mwa mbio, hatua nazo huharibika. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu baada ya kilomita 42!

Mashine hazihitajiki, mkeka unatosha. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini, kisha inua kiuno taratibu huku ukitoa pumzi, na ushushe taratibu. Rudia mara 10. Fanya siku 2 au 3 kwa juma, baada ya kukimbia wala si kabla.

Sasa juu ya maumivu. Wazee hupenda kuwasimulia vijana jinsi Akhwari alivyoanguka Mexico mwaka 1968, akaumia goti, na bado akamaliza. Tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, siku moja. Mtoto wa miaka 16 anayechechemea juma la tatu hana Olimpiki yoyote mbele yake kesho. Maumivu ya mahali pamoja kwenye muundi, yanayozidi akikimbia na kuuma ukibonyeza kwa kidole, yaweza kuwa ufa wa mfupa. Kuchua hakutauponya. Na msichana anayekimbia sana akikosa hedhi miezi 3, mara nyingi chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya, na mifupa yake inadhoofika. Huyo aongezewe ugali, maharage na maziwa kabla ya zoezi lolote.

Wote wawili wapumzishwe na kuletwa hospitali wapimwe. Kocha akiuliza kwa nini hawakuja mazoezini, mzazi ndiye amjibu.