Jumuiya Ndogo Ndogo na Jirani Asiyefika

Parokia ya kijijini nchini Tanzania huwa na mapadre wachache na vigango vingi vilivyotawanyika. Vingine viko mbali kiasi kwamba padre hufika mara moja kwa mwezi, na masika njia ikikatika hafiki kabisa. Jumapili hizo katekista ndiye anayeongoza ibada. Chini ya kigango kuna Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kila moja ikiwa ni kaya chache za majirani zenye mwenyekiti, katibu na mtunza hazina wao. Makala hii inaiangalia ngazi hiyo ya chini, kwa sababu huko ndiko huduma ya Kanisa kwa mgonjwa, mjane, yatima na muumini aliyeacha kufika inakofanyika au inakokwama.

Mpango wa jumuiya una historia yake. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliounganishwa na shirikisho lao, AMECEA, tangu 1961 walikutana Nairobi mwaka 1973 kutafakari Kanisa la mahali lisimame juu ya nini. Jibu lao lilikuwa jumuiya ambamo watu wanafahamiana na kusaidiana, na mwaka 1976 wakaufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zao. Wazo hilo halikuwa geni Tanzania: tayari kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, na vijiji vya ujamaa vilikuwa vikiundwa kila mkoa. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mwenyewe kuishi na kulima na wanakijiji wa Nyabihanga, akiamini kwamba kushirikishana maisha ndiko kunakomfungulia Mkristo fumbo la Utatu Mtakatifu. Tangu mwanzo, basi, sala na ujirani vilikuwa kazi moja. Aliyesali na mwenzake alitarajiwa pia kujua kama amelala na njaa.

Mkutano wa jumuiya hufanyika kwa zamu nyumbani kwa wanajumuiya, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Saa yake hufuata shamba: wengine hukutana alfajiri kabla ya kushika jembe, wengine jioni mifugo ikisharudi. Mikeka hutandikwa uani, benchi huazimwa kwa jirani. Somo mara nyingi ni Injili ya Jumapili inayofuata, na jumuiya nyingi zimefundishwa hatua saba zilizoandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Baada ya sala ya kumkaribisha Bwana, somo husomwa, kila mmoja hutaja neno lililomgusa, kimya hufuata, kisha watu hushirikishana walichokisikia. Hatua ya sita huuliza jumuiya inaitwa kufanya nini wiki hiyo, na sala hufunga. Hiyo ya sita ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo rahisi kurukwa, kwa kuwa giza linaingia na matangazo ya michango bado hayajasomwa.

Isiporukwa, matokeo yake huonekana kwa macho. Bibi anayelea wajukuu peke yake hukatiwa kuni na kuchotewa maji na vijana wa jumuiya. Kina mama humpelekea unga, sukari na sabuni, wakamfulia, wakapiga naye soga kidogo, na mmoja wao akabaki mpaka komunyo ya wagonjwa ifike. Baba aliyevunjika mguu wakati wa kupalilia hupaliliwa shamba lake kwa asubuhi moja. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, kulikuwa na miaka mingi ambayo dawa hazikuwepo na hofu ilikuwa kubwa. Aliyeugulia nyumbani alitegemea majirani waliothubutu kuingia ndani na kumwosha. Huduma ya namna hiyo haiwezi kupangwa kutoka ofisi ya parokia, maana ofisi huchelewa kujua nani anaumwa.

Vyama vya kitume navyo vina nafasi yake. WAWATA, iliyoundwa mwaka 1972, huwaunganisha wanawake wa vigango mbalimbali, kama UWAKA inavyofanya kwa wanaume na VIWAWA kwa vijana. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na Lejio ya Maria vina desturi ya kutembelea nyumba kwa nyumba wawili wawili. Vyama huleta ujuzi na mikono, na jumuiya hutoa habari za nani anahitaji nini. Mambo hayako mbali na hayo katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambazo nazo zina jumuiya za majirani.

Tatizo kubwa la leo ni kwamba jumuiya imegeuzwa kituo cha kukusanyia. Zaka, mavuno, ujenzi wa nyumba ya mapadre, ziara ya askofu, jubilei: kila mchango hugawiwa kwa jumuiya na kila jumuiya hugawa kwa kaya. Hakuna ubaya Wakristo kulitegemeza Kanisa lao. Kujitegemea ni sehemu ya lengo la maaskofu wa 1973, na parokia ya wakulima haina mfuko mwingine. Ubaya huanza pale daftari la michango linapokuwa ndilo daftari la mahudhurio, na barua ya mwenyekiti inapohitajika kabla ya ubatizo, ndoa au maziko. Mwenye deni huanza kukwepa mkutano kwa aibu. Mama aliyezaa nje ya ndoa, mlevi, mzee asiye na mtoto wa kumtumia fedha, hawa ndio wanaotoweka kwanza, na ndio jumuiya iliowekwa kuwafuata. Wosia wa Papa Yohane Paulo II, Ecclesia in Africa, wa mwaka 1995 ulitaka jumuiya ziishi upendo unaovuka mipaka ya ukoo na kabila. Upendo huo hauwezi kukomea kwenye mstari wa aliyelipa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haiachi shaka. Kanuni ya 848 inamtaka mhudumu ahakikishe mhitaji hanyimwi sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kanuni ya 529 inamwagiza paroko azijue familia zake, azitembelee, na awatafute kwa bidii maskini, wenye huzuni na wapweke. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa, kama walioasi imani waziwazi na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangeleta kashfa, na haitaji popote aliyeshindwa kutoa mchango.

Marekebisho yanayohitajika ni madogo na yanawezekana msimu huu huu. Fedha zipokelewe na kamati ya fedha ya kigango, nje ya muda wa sala, na katibu wa jumuiya abaki na daftari moja tu, la wagonjwa, wafiwa na wasioonekana, pamoja na jina la atakayewatembelea. Padre anapofika kigangoni alisome daftari hilo kabla ya taarifa ya mapato, na siku hiyohiyo aende nyumba mbili tatu akiongozana na katekista. Barua ya mwenyekiti ieleze tu kwamba mtu anafahamika na anaishi wapi. Suala la maziko liwe la paroko, na akiwa na shaka amwulize askofu, kama kanuni ya 1184 yenyewe inavyoelekeza, ili mwenyekiti wa jumuiya asibebeshwe hukumu juu ya marehemu ambaye kesho atakwenda kuhani msiba wake.