Bunduki mikononi mwa kila mtu ni msiba kwa askari

Askari polisi hulipwa mshahara ili aende mahali ambapo watu wengine wanapakimbia. Panapolia risasi, raia hulala chini au hutafuta mlango wa kutokea. Askari hutakiwa kusogea mbele. Kwa hiyo kila jamii ina deni kwa askari wake, na deni hilo halilipwi kwa gwaride na salamu za rambirambi peke yake. Hulipwa, kwanza kabisa, kwa sheria zinazompunguzia askari zile hatari ambazo binadamu ameziunda kwa mikono yake mwenyewe. Marekani ni nchi tajiri yenye polisi wenye vifaa vya kila aina, lakini deni hilo imeshindwa kulilipa kwa muda mrefu. Ushahidi mzito wa jambo hilo ulionekana katika majuma mawili tu ya Julai, 2016.

Tarehe 5 Julai, katika mji wa Baton Rouge, jimbo la Louisiana, askari walimpiga risasi na kumwua Alton Sterling, Mmarekani mweusi aliyekuwa akiuza santuri nje ya duka. Walieleza kwamba alikuwa na bastola mfukoni. Siku iliyofuata, katika jimbo la Minnesota, askari mwingine alilisimamisha gari la Philando Castile, Mmarekani mweusi aliyekuwa msimamizi wa jiko la shule. Castile alimweleza askari yule kwamba anayo bastola. Alikuwa na kibali halali cha kuichukua. Muda mfupi baada ya maneno hayo alipigwa risasi na kufa mbele ya mwenzi wake na mtoto mdogo wa kike. Mwaka 2017 baraza la mahakama lilimwachilia huru askari huyo.

Tarehe 7 Julai wananchi waliandamana katika mji wa Dallas, Texas, kupinga vifo hivyo. Askari waliokuwapo walikuwa wakiyalinda maandamano. Ndipo mtu mmoja, aliyepata kuwa askari wa akiba wa jeshi na kutumikia Afghanistan, alipowavizia askari hao kwa bunduki ya kivita, akawaua watano na kuwajeruhi wengine tisa. Siku kumi baadaye, mjini Baton Rouge, mtu mwingine aliyebeba bunduki ya namna hiyo aliwaua askari watatu.

Kilichotokea Dallas kinastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake hoja nzima ya bunduki inaonekana waziwazi. Sheria za Texas zinamruhusu mtu kutembea barabarani na bunduki ndefu begani. Miongoni mwa waandamanaji walikuwamo watu kadhaa waliobeba bunduki hizo, na hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Risasi zilipoanza kulia walikimbia kama wengine. Je, askari aliyejibanza nyuma ya gari, akitafuta risasi zinakotoka, angejuaje nani ni mwuaji na nani ni raia mwema anayeokoa roho yake? Polisi walitangaza picha ya mwandamanaji mmoja kuwa ndiye mtuhumiwa, kumbe hakuwa na hatia. Mkuu wa polisi wa Dallas wakati huo, David Brown, ambaye mwenyewe ni Mmarekani mweusi, alieleza baadaye ugumu huo: kila mtu anapobeba bunduki, askari hawezi tena kumtambua mwema na mbaya.

Baada ya matukio hayo Wamarekani waligawanyika. Kila upande ukawazika wafu wake na kuwasahau wa upande wa pili. Wapo waliosema kwamba tatizo ni chuki dhidi ya polisi. Wapo waliosema kwamba tatizo ni ubaguzi wa rangi ndani ya polisi. Ubaguzi upo, na historia ya nchi hiyo inaushuhudia. Chuki nayo ipo. Lakini ni dhahiri kwamba katika vifo vyote hivyo lilikuwapo jambo moja la pamoja. Askari aliyemwua Castile aliisikia habari ya bastola, akaogopa, akafyatua. Askari wa Dallas walikufa kwa sababu silaha ya vita inauzwa madukani kama jembe. Woga wa askari humwua raia, na kifo cha raia huzaa hasira inayomwua askari. Bunduki ndiyo inayougeuza woga kuwa kaburi kabla mtu hajapata muda wa kufikiri.

Hesabu zinaeleza ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva walikadiria kwamba raia wa Marekani walikuwa na bunduki milioni 393, yaani nyingi kuliko watu wenyewe. Mwaka 2021 askari 73 waliuawa kwa makusudi katika nchi hiyo, wengi wao kwa risasi. Kwa upande mwingine, tangu 2015 polisi wamekuwa wakiwapiga risasi na kuwaua karibu watu 1,000 kila mwaka. Nchini Uingereza, ambako askari wengi huingia zamu bila bunduki, na ambako bastola zilipigwa marufuku mwaka 1997 baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane, idadi ya wanaouawa kwa risasi za polisi kwa kawaida haifikii kumi kwa mwaka. Askari wa Uingereza hakuzaliwa na moyo wa chuma. Anapogonga mlango wa mtu usiku kuamua ugomvi wa mume na mke, ana sababu ya kuamini kwamba nyuma ya mlango ule hakuna bunduki. Mwenzake wa Marekani hana sababu hiyo.

Wapo wanaodai kwamba sheria kali huwanyang'anya silaha watu wema tu, maana mhalifu haitii sheria. Hoja hiyo inavutia masikioni, lakini haisimami. Bunduki haioti porini. Silaha nyingi zilizo mikononi mwa wahalifu zilianza safari yao kiwandani na dukani kwa njia halali, ndipo zikaibwa au zikauzwa kwa mlango wa nyuma. Sheria ya mwaka 1993 iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyejeruhiwa pamoja na Rais na walinzi wawili mwaka 1981, ilileta ukaguzi wa mwenendo wa mnunuzi. Vyama vikubwa vya polisi viliiunga mkono. Hata hivyo haikuwahusu watu binafsi wanaouza bunduki bila leseni ya biashara, na ufa huo haukuzibwa.

Wapo pia wanaosema kwamba dawa ni kumpa askari silaha kubwa zaidi. Hilo limekwisha jaribiwa. Februari, 1997, katika mtaa wa North Hollywood, Los Angeles, majambazi wawili wa benki waliovaa deraya na kubeba bunduki za rashasha waliwajeruhi askari zaidi ya kumi. Bastola za polisi hazikufua dafu, na baadhi ya askari walikimbilia duka la bunduki lililokuwa karibu kuomba silaha. Baada ya hapo askari wa doria walianza kupewa bunduki za kivita. Lakini raia naye akaendelea kununua. Mei, 2022, katika shule ya Uvalde, Texas, kijana wa miaka 18 aliyenunua bunduki yake kihalali aliwaua watoto 19 na walimu wawili. Walifika askari 376, na dakika 77 zikapita kabla hawajamkabili. Uzembe wa viongozi wao hauna utetezi, na uchunguzi uliulaani. Lakini baadhi ya askari hao walipohojiwa waliitaja nguvu ya bunduki ile kuwa sababu ya kusita kwao. Nchi inayomwuzia kijana silaha inayowatisha askari wenye deraya imewaacha walimu na watoto mikono mitupu.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba Marekani inajua kudhibiti bunduki inapotaka. Mei, 1967, vijana weusi wa chama cha Black Panther waliingia na bunduki katika jengo la bunge la California. Kabla ya hapo walikuwa wakiwafuata polisi wa Oakland wakiwa na silaha zao wazi, kama sheria ya wakati ule ilivyoruhusu. Haikupita miezi mitatu, Ronald Reagan, aliyekuwa gavana, akatia sahihi sheria ya kupiga marufuku kubeba hadharani bunduki zenye risasi. Chama cha wenye bunduki, NRA, hakikupinga. Ile haki inayosemwa kuwa ni takatifu tangu Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791 ilikatwa haraka alipoishika mtu mweusi. Basi asitokee wa kusema kwamba mkono wa sheria haufiki.

Hapa Tanzania pia askari wamelipa kwa damu. Julai, 2015, majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na kupora bunduki. Aprili, 2017, askari wanane waliuawa Kibiti na silaha zao zikachukuliwa. Tofauti iliyopo inafundisha. Mwuaji wa Dallas hakuwa na haja ya kuvamia kituo, duka lilimtosha. Wauaji wa hapa walikwenda kuitafuta bunduki kwa askari kwa sababu ni vigumu kuipata kwingine. Hiyo ni dalili kwamba udhibiti unafanya kazi, ukiwamo wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini pia ni onyo kwamba penye bunduki chache, aliyenayo huwindwa. Kwa hiyo kituo kidogo chenye askari wawili na ghala la silaha lenye mlango dhaifu si mahali pa kubania matumizi ya serikali, na kibali cha bunduki si karatasi ya kugawiwa kwa kujuana.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wabunge wa Marekani wamewachelea wafanyabiashara wa bunduki kwa miaka mingi. Mwaka 2004 waliiacha sheria ya kuzuia bunduki za kivita ife baada ya miaka kumi tu, na wanaolia ni wajane wa askari na wazazi wa wanafunzi. Mwanasiasa anayesimama jukwaani kumsifu askari, kisha akapiga kura ya kumjazia silaha kila mtu ambaye askari huyo atakutana naye barabarani, hamheshimu. Heshima ya kweli kwa mlinzi wa amani ni kumwezesha kurudi nyumbani jioni, na kuhakikisha kwamba raia aliyemsimamisha njiani naye amefika kwake.